The Notebook au Atonement: utazame ipi?

Ukiuliza watu wakupendekezee filamu ya mapenzi iliyotokana na riwaya, majina haya mawili hayakosekani. The Notebook ilitoka mwaka 2004, Atonement mwaka 2007. Zote zina urefu wa saa mbili na dakika chache. Kila moja iligharimu takriban dola milioni 30 na kuvuna zaidi ya dola milioni 110 duniani kote, kwa hiyo kwenye mapato hazikupishana sana. Kwa wahakiki zilipishana mno. The Notebook iliwagawa karibu nusu kwa nusu na haikuteuliwa kuwania hata Oscar moja. Atonement iliteuliwa mara saba, ikiwamo filamu bora, kisha ikabeba BAFTA, tuzo kuu ya filamu ya Uingereza, ya filamu bora na Golden Globe ya filamu bora ya drama.

Anayechagua kwa alama atakuwa ameshamaliza kazi hapo. Mimi ningemwomba asubiri kidogo. Ukisoma wahakiki walilalamikia nini hasa, badala ya kuangalia walitoa alama ngapi, utakuta kwamba kasoro wanayoilaumu ndiyo kitu unachokitafuta jioni ya leo, au ndiyo kitu kitakachokufanya uzime baada ya nusu saa.

Mwisho wa Atonement sitaufichua. Wa The Notebook karibu kila mtu anaubashiri mapema, na hilo lenyewe lilikuwa mojawapo ya malalamiko.

Mifupa ni ileile

Kijana asiye na kitu, binti wa nyumba ya kitajiri, majira ya joto, barua, Vita vya Pili vya Dunia, na mbele kabisa, miaka mingi baadaye, mtu mzee ambaye kumbukumbu zake zinapotea. Orodha hiyo inazihusu filamu zote mbili, neno kwa neno.

Katika The Notebook ni mwaka 1940 huko South Carolina. Noah anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Allie amekuja likizo na wazazi wake wenye fedha. Wanapendana, mama mtu anawatenganisha. Noah anamwandikia Allie barua kila siku kwa mwaka mzima, barua 365, na mama anazificha zote. Kisha vita, kisha mchumba mpya wa Allie, mtoto wa tajiri na mtu mwema pia, jambo ambalo filamu inastahili sifa kwalo kwa sababu ingekuwa rahisi kumfanya mjinga. Hadithi yote hii tunaisikia kutoka kwa mzee anayemsomea mama mmoja kwenye makao ya wazee, mama ambaye hakumbuki hata jina lake.

Katika Atonement ni mwaka 1935, kwenye jumba la shambani Uingereza, siku moja ya joto kali. Robbie ni mtoto wa mtumishi wa nyumba, amesomeshwa Cambridge kwa fedha za baba mwenye nyumba. Cecilia ni binti wa nyumba hiyo. Robbie anaandika barua moja tu, ya kuomba radhi, lakini anayoitia kwenye bahasha siyo. Ni ile aliyoichapa kwa kujifurahisha mwenyewe, yenye neno la matusi ambalo hakukusudia msichana alione. Halafu anamkabidhi Briony, mdogo wake Cecilia mwenye miaka 13, awahi kuifikisha. Briony anaifungua na kuisoma. Usiku huohuo kunatokea uhalifu, na mtoto huyo anayejiona mwandishi anasimama kutoa ushahidi dhidi ya Robbie.

Upande mmoja, barua 365 zisizofika. Upande wa pili, moja iliyofika ikiwa ndiyo hasa isiyotakiwa kufika. Tofauti ya filamu hizi imekaa hapo. Katika ya kwanza adui wa mapenzi yuko nje: mama, fedha, vita. Ukimwondoa, mapenzi yanaendelea yalipoishia. Katika ya pili kilichowaharibia wapenzi ni hadithi, yaani kilichotungwa ndani ya kichwa cha mtoto aliyeona vitu viwili vitatu dirishani akavipa maana yake mwenyewe. Hakuna wa kumwondoa.

Walichosema kuhusu The Notebook

Lawama kubwa ilikuwa sukari. Machweo ya dhahabu, ziwa lililojaa batamaji weupe, mvua inayonyesha wakati muafaka kabisa wa kubusiana. Wahakiki wengi waliona filamu inamkamua mtazamaji machozi, na inafanya hivyo bila aibu. Lawama ya pili ilikuwa kwamba kila hatua inabashirika. Zote mbili ni kweli, na ukiwa mtu wa kukerwa na muziki unaokuambia ulie, jihesabie kuwa umeshaonywa.

Lakini si wote waliokunja uso. Roger Ebert, mhakiki maarufu wa Chicago, aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne. Hata baadhi ya walioikataa walikubali kwamba kuna mvuto wa kweli kati ya Ryan Gosling na Rachel McAdams, yaani Noah na Allie, na hilo halitengenezwi na mwandishi wa skripti. Kinachochekesha ni kwamba mwongozaji Nick Cassavetes alikuja kusimulia miaka kadhaa baadaye kuwa wakati wa kupiga picha wawili hao hawakuwa wakielewana, na kuna siku Gosling aliomba aletewe mtu mwingine wa kusoma naye mistari. Mwaka 2005 wakashinda tuzo ya MTV ya busu bora, wakalirudia busu lenyewe jukwaani. Kufikia hapo walikuwa wapenzi kweli.

Mimi naona wahakiki waliokataa walihukumu zaidi vijana wakapita haraka kwa wazee. James Garner na Gena Rowlands ndio wanaoibeba filamu hii. Rowlands ni mama mzazi wa mwongozaji, na alikwisha kusema kwamba kuigiza mgonjwa wa kusahau kulimwia vigumu kwa sababu mama yake aliugua ugonjwa huo. Kuna tukio moja ambapo mama huyu, baada ya dakika chache za kurudi katika akili zake, anamtazama mzee aliye mbele yake na kumwona mtu baki. Anapiga kelele, wauguzi wanaingia. Garner anasimama pembeni, uso umemshuka. Hakuna sukari hapo. Aliyewahi kumuuguza mzazi wa namna hiyo ataijua sauti ile. Mwaka 2024 Cassavetes alieleza kwamba mama yake alikuwa ameugua Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, kwa miaka kadhaa, na mwezi Agosti mwaka huohuo Rowlands akafariki akiwa na miaka 94. Tangu hapo ni vigumu kuyatazama matukio yale kwa jicho la mwaka 2004.

Hata hivyo kuna jambo ambalo siwezi kuitetea nalo. Wazo kwamba mgonjwa anaweza kurudishiwa kumbukumbu kwa kusomewa hadithi ya mapenzi yake ni ndoto nzuri kuliko tiba, na filamu inaisimulia kana kwamba ni jambo la kutegemewa. Pia Kusini ya Marekani ya miaka ile, ambako ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria iliyoandikwa, inaonekana humu kama bustani. Weusi wapo, lakini pembezoni mwa picha. Wahakiki wa 2004 hawakulisema sana hilo. Leo mtazamaji analiona bila kuambiwa.

Walichosema kuhusu Atonement

Hii ndiyo iliyofungua tamasha la filamu la Venice, Italia, mwaka 2007, na mwongozaji wake Joe Wright, akiwa na miaka 35, akawa mdogo kuliko wote waliowahi kulifungua na filamu yao. Sifa zilianzia hapo na hazikukatika hadi msimu wa tuzo. Saoirse Ronan, aliyemwigiza Briony mdogo, aliteuliwa kuwania Oscar akiwa bado na miaka 13. Ukitaka sababu moja tu ya kuitazama filamu hii, ni uso wa mtoto huyu anapoamua kuwa ameelewa jambo ambalo hajalielewa.

Oscar pekee iliyopatikana ilikuwa ya muziki, na ilikuwa haki yake. Dario Marianelli alichukua mlio wa taipureta akaufanya ngoma. Briony anatembea kwenye korido za jumba lile, na kila hatua ni herufi inayogonga karatasi. Mara ya kwanza unadhani ni mapambo. Baadaye unaelewa kwamba ulikuwa unaambiwa kitu tangu dakika ya kwanza.

Kisha kuna ufukwe wa Dunkirk, kaskazini mwa Ufaransa. Robbie anafika pale mwaka 1940 pamoja na jeshi la Uingereza linalorudi nyuma, na kamera inamfuata kwa zaidi ya dakika tano bila kukata: farasi wanapigwa risasi, wanajeshi wanaimba, wengine wamelewa, gurudumu kubwa la burudani limesimama nyuma yao. Ilipigwa Redcar, kaskazini mwa Uingereza, na watu wapatao 1,000 walioajiriwa kujaza ufukwe. Wahakiki waligawanyika hapa kuliko mahali pengine popote katika filamu hii. Wapo waliosema ni sinema ya hali ya juu. Wengine waliona ni mwongozaji anayejionyesha, kwamba unamsahau Robbie ukaanza kuwaza waliwezaje kuipiga. Mimi niko na kundi la pili, ingawa nusunusu. Ni picha ya kutisha kwa uzuri wake, lakini hadithi inasimama kungoja imalizike, na nusu nzima ya vita haina ukali wa ile siku moja ya joto.

Lawama nyingine ni ubaridi. Kila kitu kimepangwa mno, gauni la kijani la Keira Knightley, anayemwigiza Cecilia, linang'aa kuliko maneno yake, na watu wanazungumza kwa midomo iliyobana. A. O. Scott wa New York Times hakuikubali. Kwake riwaya ile ilipoteza uhai wake ilipohamishiwa kwenye picha. Ebert, kwa upande wake, aliipa nyota zote nne.

Alama zinavyodanganya

Hebu tubaki na Ebert. Mtu mmoja, macho yaleyale: nyota tatu na nusu kwa The Notebook, nne kwa Atonement. Kwake zilitofautiana kwa nusu nyota. Ukienda Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya hukumu za wahakiki, utakuta ya kwanza ina asilimia 50 na kidogo, ya pili zaidi ya 80. Pengo la alama karibu 30 limetoka wapi?

Limetoka kwenye namna ya kuhesabu. Asilimia ya Rotten Tomatoes haisemi filamu ni nzuri kiasi gani. Inasema ni wahakiki wangapi kati ya mia waliipa ndiyo badala ya hapana. Aliyeipenda kufa na aliyesema "si mbaya" wanahesabiwa sawa. Filamu ambayo kila mtu anaiona ya wastani inaweza kupanda juu kabisa, na ambayo nusu wanaiabudu na nusu wanaichukia itakaa katikati. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, wao wanatafuta wastani wa alama zenyewe, na huko pia Atonement iko juu, 85 dhidi ya 53, kwa hiyo sisemi kwamba wahakiki walikuwa sawa kwa zote. Nasema tu kwamba 50 na kitu ya The Notebook ni ya watu waliobishana, na filamu ya kubishaniwa si filamu mbovu. Alama za watazamaji wa kawaida kwa filamu hiyohiyo zimekuwa juu sana miaka yote.

Na vitabu vyenyewe?

Kwa The Notebook, filamu imeizidi riwaya. Kitabu cha Nicholas Sparks, cha mwaka 1996, ndicho kilichomtambulisha, na chanzo chake ni hadithi ya babu na bibi wa mkewe. Ni kifupi, na sehemu yake kubwa inahusu siku chache za Allie kurudi. Mapenzi ya ujana yanakumbukwa zaidi kuliko kuonyeshwa, tena kitabuni yanaanza mwaka 1932. Filamu imeyasogeza hadi 1940 na kuyapa nafasi ya kukua mbele ya macho yetu: ugomvi, mizaha, kulala barabarani chini ya taa za trafiki. Ukiitazama filamu kwanza kisha ukafungua kitabu, kitakuonekea chembamba.

Kwa Atonement ni kinyume. Riwaya ya Ian McEwan ya mwaka 2001 iliingia orodha ya mwisho ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya Uingereza, na wengi waliamini haiwezi kufanywa filamu kwa sababu mambo yake makubwa yanatokea vichwani. Christopher Hampton, aliyeandika skripti, na Wright walipata njia moja ya busara: kuonyesha tukio mara mbili. Kwanza tunamwona Cecilia kwa macho ya Briony aliyeko dirishani, akivua nguo mbele ya Robbie na kujitosa kwenye chemchemi ya bustani. Kisha tunarudi nyuma na kulitazama tukio hilohilo kwa karibu: chombo cha maua kimevunjika, kipande kimezama, na binti ana hasira. Dakika tatu hizo zinafanya kazi ya kurasa nyingi. Bado kitabu kina kina ambacho filamu haikukifikia, na kuhusu mwisho, wapo wanaoona filamu imeulainisha. Ukiwa msomaji, soma kwanza.

Basi ipi?

Kama mko wawili na mnataka kumaliza jioni mkiwa mmekaribiana, The Notebook. Italeta machozi, lakini ni ya kupunguza mzigo. Kama uko peke yako, au uko na mtu anayependa kubishana baada ya filamu, Atonement. Itakuacha na hasira, na hutajua kwa hakika unamkasirikia nani. Katika uhusiano mpya nisingeianzisha.

Lugha nayo ni jambo. Wamarekani wa The Notebook wanaongea taratibu na maneno ya kila siku. Kiingereza cha kawaida kinatosha. Waingereza wa Atonement wanameza nusu ya maneno, na nusu nyingine wanaimaanisha kinyume, kwa hiyo washa maandishi chini ya skrini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Wale mafundi wetu wa kutafsiri kwa sauti juu ya picha kwenye vibanda umiza wangeimaliza The Notebook bila jasho. Atonement ingewatoa kijasho, maana mambo mazito humo hutokea watu wakiwa kimya.

Kuhusu watoto na wazee: Marekani iliiwekea The Notebook alama ya tahadhari kwa walio chini ya miaka 13. Ina tukio la mapenzi refu kidogo. Atonement iliwekewa alama kali zaidi, ya kwamba aliye chini ya miaka 17 aende na mtu mzima, na sababu zipo: lile neno la barua linaonekana kubwa kwenye skrini likichapwa herufi kwa herufi, kuna tukio la maktaba, kuna dhuluma dhidi ya msichana mdogo, na hospitali ya vita yenye majeraha ya wazi. Hakuna inayofaa kutazamwa na wakwe, ila moja ni aibu ya dakika tano na nyingine ni aibu na huzuni.

Ukichagua The Notebook, angalia nakala uliyonayo. Mwaka 2019 watazamaji wa Netflix nchini Uingereza walilalamika kwamba mwisho wao umebadilika. Ikabainika kwamba kampuni ilikuwa imepewa toleo jingine, lililoacha tukio la mwisho la wazee wale. Bila tukio hilo filamu inabaki na machweo na batamaji tu, na wahakiki waliokasirika wanakuwa wameshinda kesi.

Ukipanga kuzitazama zote, anza nayo hiyo ya 2004. Atonement ikitangulia itakufundisha kumshuku kila mtu anayekusimulia mapenzi ya zamani kutoka kwenye maandishi, na The Notebook ni filamu inayohitaji umwamini msimuliaji wake moja kwa moja.

Na mwishoni mwa Atonement, Briony akiwa mzee anahojiwa kwenye televisheni, mtangazaji aliyeketi mbele yake ni Anthony Minghella, mwongozaji wa The English Patient ya mwaka 1996. Hiyo nayo ilitokana na riwaya, ya Michael Ondaatje, ikabeba Oscar tisa ikiwamo ya filamu bora. Ina mapenzi, jangwa, mtu aliyeungua asiyetaja jina lake, na urefu wa dakika 162. Itafutie siku ambayo kesho yake huendi kazini.